Ratiba Isiwe Deni

Kazi ya ualimu imempeleka mume Banissa, Jimbo la Garissa. Mke amebaki Machakos na watoto. Mtasomaje Biblia pamoja?

Ratiba mnayo tayari: kalenda ya liturujia. Masomo ya Dominika huzunguka miaka 3: Mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka. Siku za juma nazo zina Injili yake. Jioni kila mmoja aisome alipo, kisha mwulizane kwa simu: “Neno gani limekugusa?”

Mkikosa siku, msilaumiane wala msilimbikize sura kama deni. Anzeni na Injili ya leo. Kumbukeni fundisho la Bwana juu ya Sabato (Mk 2:27): ratiba nayo ipo kwa ajili yenu.