Ulizaliwa Wapi, au Unakula Wapi?

Julai 2021 mama alinituma kwa wakala nimrushie bibi kijijini hela ya dawa. Tozo ya miamala ya simu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza: kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni. Mama anauza vitumbua. Nilipomwambia hela haitoshi, alifungua pindo la khanga akaongeza nyingine, ile ya mchele wa kesho. Hakusema kitu.

Serikali ilieleza kuwa fedha hizo ni za madarasa na vituo vya afya, na kweli tunavihitaji. Lakini, ndugu msomaji, mwaka ule aliyehamisha fedha kutoka akaunti moja ya benki kwenda nyingine hakuguswa. Benki ziliingizwa 2022. Nikajiuliza: hivi waliopitisha sheria ile bungeni, hela zao zinapita wapi? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Basi nikaona dawa ni rahisi: tulijaze Bunge watoto wa akina mama vitumbua, mambo yatanyooka. Mshikaji wangu mmoja, ambaye huwa tunasomeana miswada, akanicheka.

"Mbona wewe kwenye riwaya yako umemwandika mke wa tajiri, na hujawahi kukalia hata sofa lake? Kama wewe unaweza kumwingia moyoni, mbunge atashindwaje?"

Alinibana, wallahi. Nililala na swali lile. Jibu nililopata ni hili: mimi nikimkosea yule mke wa tajiri, nachana karatasi tu. Mbunge akikosea, anayelipa ni mwingine. Tena mimi sipati chochote kwa kumkosea. Mbunge huenda anapata.

Hapo nikakumbuka masomo ya shule. Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki. Hata hivyo, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha. Halikuuliza umezaliwa na nani. Liliuliza leo unakula wapi. Masharti hayo yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Siutetei Ujamaa wote, ulikuwa na makosa yake. Ila swali lile lilikuwa sahihi.

Kwa hiyo mgombea akija mtaani kwetu na hadithi ya kutembea peku kwenda shule, simbishii. Lakini zamani ni zamani. Leo huenda ana nyumba tano za kupangisha, na ndiye atakayepiga kura juu ya kodi ya wapangaji. Hilo ndilo nitakalomuuliza.

Nilimsomea mama maneno haya. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe kitabu chako kikishatoka, bei ya mchele utaikumbuka?"

Sijamjibu bado.