Aliyebonyeza "Nakubali" Amekubali Nini?

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa viazi huko Rangwi, katika milima ya Usambara. Mvua zimeharibu barabara, mzigo umechelewa kushuka, na ada ya mtoto inadaiwa. Anafungua programu ya mikopo katika simu, anabonyeza "Nakubali", na fedha zinaingia papo hapo. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe unawafikia shemeji yake, mwalimu wa mtoto na mteja wake wa Kariakoo ya kuwa fulani ni tapeli, mwambieni alipe.

Mwenye kampuni husema: "Yeye mwenyewe aliniruhusu kusoma majina yaliyomo katika simu yake." Jibu hili lina sura ya haki, nalo lastahili kupimwa. Deni ni deni, na mwenye uwezo anayekataa kulipa hudhulumu, huyo hatumtetei. Lakini je, namba ya shemeji ni mali ya nani? Mama yule alipewa ili wajuliane hali, wala hakupewa ili aiweke rehani. Mtu hawezi kutoa ruhusa juu ya kitu asichokimiliki. Zamani mdhamini aliitwa, akaketi, akaulizwa, naye aliweza kukataa. Huyu wa leo hufanywa mdhamini naye yuko shambani, hana habari.

Na hata ruhusa juu ya mambo ya mama mwenyewe, ilipatikanaje? Kwa maandishi marefu, mara nyingi ya Kiingereza, yaliyowekwa mbele ya mwenye shida. (Nakiri kwamba mimi pia hubonyeza bila kusoma.)

Mambo haya yametokea kweli. Nchini Kenya, Septemba 2023, ofisi ya ulinzi wa data iliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kupeleka vitisho. Hapa Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila leseni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Wengi hudhani ya kuwa mlango huo ni wa mkopaji peke yake. La hasha! Kwa maoni yangu, wa kwanza kuubisha angekuwa yule shemeji, ambaye hakukopa hata senti moja.