Ndege za Doha, boriti za Salale

Mchana wa tarehe 9 Septemba 2025, Israel iliishambulia Doha, mji mkuu wa Qatar, ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa wakijadili pendekezo la kusimamisha vita vya Gaza. Watu sita waliuawa, akiwemo askari mmoja wa usalama wa Qatar. Hapa Kibiti habari hiyo ilizungumzwa sana, kila mtu na lake. Mimi kilichonikaa moyoni ni kauli ya Waziri Mkuu wa Qatar, Sheikh Mohammed bin Abdulrahman Al Thani, kwamba taarifa ya Wamarekani iliwafikia dakika kumi baada ya shambulio kuanza. Baada, si kabla.

Qatar haikuwa imelala. Mei 2015 ilitia saini kununua ndege za kivita 24 aina ya Rafale kutoka Ufaransa kwa euro bilioni 6.3, na Rais François Hollande alifunga safari hadi Doha kushuhudia. Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri ziliifungia Qatar mipaka na anga. Hata siku kumi hazijatimia, waziri wake wa ulinzi alikuwa Washington akitia saini mkataba wa F-15 thelathini na sita kwa dola bilioni 12. Desemba ya mwaka huohuo ikaongeza Rafale 12, na ikachukua Typhoon 24 za Uingereza. Jumla ndege 96, kwa taifa ambalo raia wake wenyewe hawafiki nusu milioni.

Kununua kwa watu watatu kulikuwa na hesabu yake, na siwezi kuibeza. Anayekuuzia ndege anakuuzia pia vipuri, makombora, mafundi na walimu wa marubani, na siku akinuna ndege inabaki chini. Mwenye wauzaji watatu hategemei uso wa mmoja. Tena kila muuzaji anakuwa na sababu ya kutotaka uanguke. Qatar ilikuwa inanunua marafiki. Lakini Marekani hiyohiyo iliwauzia F-15 Wasaudi waliokuwa wameifungia Qatar njia, ikawauzia F-16 Falme za Kiarabu, na ndiyo inayoipa Israel ndege zake. Siku ya kuhitajiana, rafiki wa wote alijua mengi na akasema kwa kuchelewa.

Watu wa delta ya Rufiji tunajuana na pwani ile tangu zamani, kabla haijawa na fedha za kununua chochote angani. Nyumba zao za kale ziliezekwa kwa miti yetu. Jahazi za Kuwait, Bahrain na Oman zilishuka na kaskazi zikiwa na tende na chumvi, zikaingia Simba Uranga na Salale kupakia boriti, kisha zikarudi na kusi. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi moja la Kuwait mwaka 1939 mpaka huku kwetu, akayaandika maisha hayo katika kitabu chake Sons of Sindbad. Upana wa chumba katika mji wa kale wa Ghuba ulifuata urefu wa boriti: mkoko ulipoishia, ukuta ulianzia hapo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkataji. Waliingia mikokoni maji yakitoka, wakachagua mkoko au msinzi ulionyooka, wakaangusha kwa shoka, wakabandua gamba palepale topeni, kisha wakangoja maji yajae ili miti ielee hadi penye mitumbwi. Waliihesabu kwa korija, ishirini ishirini, nene zikitengwa na mazio, mazio yakitengwa na pau na fito. Lakini alichopenda zaidi kusimulia ni namna nahodha alivyoingia. Mto huu hauna adabu ya kukaa pamoja. Mlango uliopitika msimu uliopita, mwaka huu una fungu la mchanga katikati. Kwa hiyo nahodha, hata awe ameshakuja mara nyingi, alitia nanga nje akasubiri mtu wa hapa aje amwambie maji yako wapi. Kwa hilo walikaa vizuri na watu. Mtu uliyemdhulumu kwenye hesabu ya korija atakuonyesha vipi mlango ulio salama?

Kisha Kuwait ikaanza kuuza mafuta nje mwaka 1946, Qatar ikafuata mwaka 1949, saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti. Leo mkataba mmoja wa F-15 za Qatar unazidi mara nne gharama ya Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu ya mto wetu, ambalo mkataba wake ulikuwa wa dola bilioni 2.9. Siwaonei wivu. Natamani tu wangekumbuka jahazi zao ziliingiaje Salale.

Delta hii iliziona ndege za vita mapema kuliko sehemu nyingi za dunia. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ikaja kujificha kwenye mikoko ya Rufiji. Waingereza waliitafuta kwa meli zao zote za pwani hii. Fununu ya kwanza ya maana waliipata Lindi, kwenye karatasi zilizokamatwa ndani ya meli ya Kijerumani Präsident, zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Salale. Ndipo wakaleta ndege. Ya kwanza, ya kutua majini, ilirushwa na rubani wa kiraia aliyeitwa Cutler, na kabla mwaka haujaisha ndege ilikuwa imeanguka na rubani ni mateka. Zilizofuata zilishindwa na joto letu, hata kupaa juu ya kutosha zikawa haziwezi. Wakati huo mwindaji wa tembo aliyeijua Rufiji, Pieter Pretorius, alikuwa akipita chini kwa chini na wenyeji, akipima kina cha maji na nyakati za kupwa na kujaa. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia zilielekeza mizinga ya manowari za Waingereza, Severn na Mersey, na tarehe 11 Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe. Mizinga yake wakaiopoa wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Ndege zilikuwa na kazi yake, sikatai. Ila zilisaidia pale tu ambapo mtu wa ardhini alikuwa ameshasema.

Nayaandika haya kwa sababu ya mwaka 2017, na wasomaji wa Kibiti, Mkuranga na Rufiji wanajua naelekea wapi.

Mauaji huku kwetu yalikuwa yamekwisha kuanza. Walioandamwa walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala, mgambo, polisi. Yaani walewale ambao mwananchi angewaendea kusema ameona watu asiowajua. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani huko Mkengeni. Serikali ikaleta nguvu kubwa na kuunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Hilo lilihitajika, na familia za wale askari wanane zilistahili kuona dola inajibu. Lakini jioni zile nazikumbuka. Watu walifunga milango jua halijazama, na hawakuwa wakiogopa upande mmoja tu. Ukisema, wauaji watajua. Usiposema, utaulizwa kwa nini hukusema. Kuna familia zilizotafuta watu wao baada ya operesheni na hazikuwapata. Mzee mmoja alinishika mkono msikitini akaniambia, "Mwanangu, siku hizi hata salamu naifupisha." Bunduki zilikuwa zimejaa barabarani na mdomo wa mji mzima ulikuwa umefungwa. Sijaona mahali maskini wa ulinzi kuliko hapo.

Na kulikuwa na mtu aliyekuwa akisema. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, aliripoti mauaji haya akiwa hapahapa. Tarehe 21 Novemba 2017 aliondoka na watu ambao mkewe alieleza kwamba hakuwajua, wakiwa na gari, na hajaonekana tena. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyosikika kama kwamba Azory amekufa, kisha akafafanua kuwa hakumaanisha hivyo. Tangu hapo hakuna jibu lililo kamili.

Qatar ilijizungushia ndege 96 na bado ikakosa neno moja kwa wakati. Sisi hatuna fedha hizo, na sidhani tutazipata. Lakini neno tunalo. Lipo kwa mvuvi wa Mbwera anayejua mtumbwi wa nani umeingia usiku, lipo kwa mama ntilie wa Jaribu Mpakani, lipo kwa dereva wa bodaboda. Watalitoa wakiamini kwamba halitawaua. Ndiyo maana kila ninaposikia bajeti ya ulinzi ikisomwa bungeni natafuta humo vitu viwili, na ni vidogo mno kuandikiwa mabilioni. Familia ya Azory ijibiwe kwa maandishi, yeye yuko wapi na nani alimchukua. Na mwenyekiti wa kitongoji huku delta akipiga simu saa nane usiku, apokelewe na mtu ambaye kesho yake hatalitaja jina lake mbele za watu.