Nguo ya Usiku Mmoja na Deni la Mwaka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake, twapenda kuwaeleza ndugu zetu Waislamu, na hasa mama zetu na dada zetu wa Mji wa Kale, jambo tulilolifikiri siku nyingi kabla ya kulitilia kalamu.

Alitujia mama mmoja, akaketi na watu wa nyumbani kwetu, akatuuliza kutoka nyuma ya pazia: "Shehe, kupenda nguo ni haramu?" Tulidhani ni swali jepesi, kumbe lina uzito. Alitueleza kuwa sandukuni mwake mna magauni kumi na manne, na kila moja amelivaa usiku mmoja tu wa kupamba. Gauni la mwisho alilinunua kwa mkopo wa simu. Mkopo huo akaulipa kwa mkopo mwingine wenye riba. Kisha akaiweka rehani bangili aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mumewe hana habari. Akasema: "Nilifunguapo sanduku hufurahi kwanza, kisha hutaka kulia." Haya twayaandika kwa idhini yake.

Jawabu yetu ya kwanza ni kuwa kupenda nguo si haramu. Katika Suratul-Aaraf Mwenyezi Mungu ameitaja nguo kuwa ni neema yake, sitara ya mwili na pambo pia. Kisha akatukumbusha kuwa vazi la ucha Mungu ni bora zaidi. Na sahaba alipouliza juu ya mtu apendaye nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, Mtume s.a.w. alimjibu kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Tena yatupasa tukumbuke nguo ina maana gani kwa wanawake wa pwani hii. Zamani za utumwa, kaniki ilikuwa ni alama ya unyonge. Utumwa ulipoondolewa katika pwani yetu mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa, na binti zao, walijitwalia leso na buibui. Kwao hilo halikuwa pambo tu, lilikuwa ni kusema, "Nasi ni waungwana." Basi asitokee mtu akaicheka furaha ya mwanamke aliyenunua leso mpya katika maduka ya Biashara Street. Huenda furaha hiyo ameirithi kwa bibi yake.

Lakini neema ikipita mpaka hugeuka mtihani. Wazee wetu waliviona vyama vya lelemama hapa Mombasa, vilivyoshindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mavazi ya sare. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), aliyelianzisha gazeti la al-Islah mwaka 1932, alijitahidi sana kuwaamsha Waislamu wa mji huu waache desturi zenye kuwadhuru. Na katika miaka ya 1950 wanawake wenyewe, na wengine wao walitoka katika vyama hivyo vya ngoma, waliunda vyama vipya vya kuangalia elimu na maslaha ya wenzao. Basi wasemao kuwa wanawake hawageuki, hawaujui mji wao.

Lelemama imepungua, mashindano yamebaki. Buibui huwafanya wote kuwa sawa njiani Ndia Kuu. Likivuliwa ndani ya ukumbi wa kupamba, hesabu huanza. Nani kavaa nini? Gauni hili si lile la harusi ya fulani? Picha za simu hazisahau, na kwa hivyo gauni la jana huonekana ni aibu leo. Na harusi ikitangaza sare, asiye na fedha ana njia tatu: kukopa, kumsumbua mumewe, au kujifanya mgonjwa akabaki kwake. Twamjua binti aliyekosa harusi ya mtoto wa mama yake mdogo kwa sababu ya kitambaa. Je, kuunga udugu kumekuwa kwa nguo?

Hapa ndipo ilipo haramu. Haimo katika gauni. Imo katika riba iliyolinunua, katika israfu, na katika kumvunja moyo asiye nacho. Mtume s.a.w. amemuonya avaaye nguo ya kutaka kusifiwa kuwa atavikwa udhalili Siku ya Kiyama. Na deni, ndugu zetu, alilikhofia yeye mwenyewe na akajilinda nalo katika dua zake.

Nasi masheikh hatuna budi kukiri kosa letu. Juu ya mimbari twataja urefu wa nguo ya mwanamke na wepesi wake. Bei yake hatuitaji, wala kanzu na majoho yetu wenyewe hatuyahesabu. Na nyinyi waume, kumvika mke ni wajibu wenu kwa kadiri ya uwezo. Ambaye mkewe humwogopa hata akaenda kwa mwenye riba kabla ya kwenda kwake, naye ajiulize.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Sayyidatna Aisha r.a. Alivaa vazi la pamba nzito lenye thamani ya dirham tano, akasimulia kuwa zama za Mtume s.a.w. alikuwa na vazi kama hilo, na kila mwanamke wa Madina aliyepambwa hutuma mtu kwake kuliazima. Vazi hilo kwa Kiarabu huitwa dir', na sauti yake haiko mbali na dera wavaazo wanawake wetu leo. Tazameni: vazi moja, la mke wa Mtume, likapamba maharusi wengi, wala hapana aliyeona aibu kuazima, wala aliyeazimisha hakutamba.

Basi rai yetu ni hii. Wenye harusi waiondoe sare, au waifanye leso ambayo kila mtu ataiweza. Wenye masanduku yaliyojaa wawaazime wenziwao. Na gauni lirudiwe kuvaliwa mara ya pili na ya kumi, na wa kwanza kulirudia wawe matajiri, ili maskini wasione haya.

Mama yule tulimwambia atubie riba, asikope tena, amweleze mumewe kabla hajaelezwa na mwengine, na magauni yale ayatoe sandukuni yawafae watu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "La mume ndilo zito." Nasi twajua ni zito. Twamuombea Mwenyezi Mungu amfungue ulimi, na mumewe amlainishe moyo, na bangili ya mama yake imrudie mkononi. Amin.