Mizani ya Muuza Dawa



Katika Qurani Tukufu imo sura nzima, nayo ni ya 83, iitwayo kwa jina la Wapunjao: watu ambao wakipimiwa hudai kipimo kamili, bali wao wakiwapimia wengine hupunguza. Nabii Shuaibu naye, alipotumwa kwa watu wa Madiani, aliwaita wamwabudu Mungu Mmoja, kisha akawakataza kupunguza vipimo. Huenda mtu akauliza: Je, mizani ya sokoni ina uzito gani hata itajwe pamoja na ibada? Jibu lake tulitafute katika chupa ya dawa.

Anunuaye mtama huweza kuushika, kuunusa na kuupima upya nyumbani kwake. Anunuaye dawa hawezi hayo. Hajui kilichomo ndani ya kidonge, naye hununua kwa kumwamini muuzaji tu. Basi dawa ni amana kabla ya kuwa bidhaa. Na wapunjaji wa amana hii si wachache: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kadiri ya dawa 1 katika kila 10 ni bandia au duni.

Tazama yaliyotokea Nigeria. Mwaka 1990 zaidi ya watoto 100 walikufa kwa kunyweshwa dawa ya maji ya kutuliza homa. Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009 wakafa tena watoto 84, waliopewa dawa ya kupunguza maumivu ya kuota meno. Mara zote mbili sumu ilikuwa moja: kemikali ya viwandani iitwayo daietilini glikoli, ambayo ni rahisi kwa bei na tamu ulimini, lakini huharibu figo. Iliingia mahali pa kiyeyusho kilicho salama. Mama alimimina kijiko kwa mapenzi, na ndani ya kijiko mlikuwa na mauti.

Hapa tukumbuke kisa cha Mtume Muhammad s.a.w. alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta juu ni kavu na chini imelowa. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua iliyoilowesha. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini asiweke iliyolowa juu watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake.

Zingatia sana, ndugu yangu! Mtu yule hakuilowesha nafaka yake. Kosa lake lilikuwa kuficha. Basi asijitetee mwenye duka akisema, “Mimi sikuitengeneza dawa hii.” Auzaye dawa iliyokwisha muda wake akiifuta tarehe, anunuaye shehena kwa mtu asiyejulikana kwa kuwa ni rahisi, na mwenye kiwanda asiyeipima malighafi yake, wote hao wameweka kavu juu na mbichi chini. Wala madhara hayaishii kwa mnunuzi. Dawa ya malaria yenye nguvu pungufu huua vijidudu vilivyo dhaifu na kuwaacha walio sugu. Kisha hata jirani aliyenunua dawa halisi huja akaikuta haimponyi.

Lakini Mwenyezi Mungu haiachi ardhi bila watu wa kusimamia haki. Dora Akunyili, mfamasia wa Nigeria, alifiwa na mdogo wake wa kike mwaka 1988 kwa sababu ya insulini bandia. Baadaye, akiwa mtumishi wa umma, alipewa fedha za kwenda kupasuliwa Uingereza. Madaktari walipoona hahitaji kupasuliwa, alirudisha paundi 12,000 zilizokuwa za kazi hiyo. Mwaka 2001 akakabidhiwa mamlaka ya kusimamia dawa nchini mwake, akafunga masoko ya dawa bandia na kuziteketeza hadharani. Mwezi Desemba 2003 gari lake lilimiminiwa risasi. Moja ilipenya kilemba chake na kumkwaruza kichwa. Hakuacha kazi mpaka 2008. Mama huyu alikuwa Mkristo. Mwislamu hufundishwa kuipokea hekima popote aikutapo, na sisi tuipokee hapa: aliyekuwa mwaminifu katika fedha ambazo hakuna aliyemdai, ndiye aliyefaa kuaminiwa uhai wa watu.

Na wewe msomaji unao wajibu wako. Nunua dawa katika duka lililosajiliwa, udai risiti, utazame tarehe na hali ya pakiti. Ukiona shaka, usiitupe wala usinyamaze. Peleka taarifa, pamoja na pakiti yake, kwa wasimamizi wa dawa. Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Kunyamaza baada ya kujua nako ni kuficha nafaka iliyolowa.

Yafaa basi kila mmoja wetu atie mkono katika chungu yake mwenyewe, kabla hajatia Yule asiyefichwa neno. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao chini yao ni kama juu yao. Amin.