Nani Alitia Maji

Gari la matangazo hupita kijijini kwetu Akheri mchana, saa ambayo wa shamba wamerudi kupumzika na wa mjini bado hawajapanda daladala za kurudi. Sauti hutangulia gari lenyewe. Inapanda kutoka Tengeru, inamezwa na migomba, inaibuka tena karibu na kanisa. Mwaka fulani lilipita wiki tatu mfululizo likimtangaza msanii mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa naye anatafuta riziki. Kila tangazo lilimalizika kwa maneno yaleyale: usikubali kusimuliwa!

Hatukukubali. Tulilipa kiingilio, tukasimama kwenye baridi ya Meru hadi saa nane usiku. Msanii akapanda jukwaani na miwani ya jua, akafungua mdomo juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, nyimbo nne, akashuka. Tulirudi kwa miguu, na njia nzima watu walikuwa wakitukana. Mimi pia nilitukana.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kwenye daladala ya Usa River, nimebanwa dirishani, redio ya dereva ikapiga wimbo mmoja kati ya ile minne. Ulikuwa wimbo mzuri. Nikajikuta nautikisia kichwa, kisha nikakumbuka kwamba ni uleule, sauti ileile, rekodi ileile niliyoitukana uwanjani. Tangu siku hiyo nina ugomvi mdogo na methali ya mgema.

Methali inasema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeipokea hivyo, tukamhukumu mgema: kavimba kichwa, kalegea, kaharibu kazi. Mara nyingi ni kweli, na msanii wangu wa miwani hawezi kujitetea sana. Lakini hakuna anayemuuliza mnywaji. Aliyesimuliwa wiki tatu kwamba tembo la leo halijapata kugemwa duniani, je, ana ulimi wa kulionja? Anapokunywa haonji tembo, anapima umbali kati ya kibuyu na masimulizi. Huenda mgema hakutia hata tone, na bado mdomoni mwa huyu bwana tembo litakuwa maji matupu. Maji aliyaleta mwenyewe, kinywani.

Chukua Taifa Stars. Machi 24, 2019 waliifunga Uganda 3–0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miaka 39! Nchi ikapagawa, wachezaji wakaitwa Ikulu, na sisi vijiweni tukaanza kuhesabu nani tutakutana naye robo fainali. Kule Misri tukafungwa na Senegal 2–0, na Kenya 3–2, na Algeria 3–0. Kocha Emmanuel Amunike akaondoka. Ukimuuliza mtu leo atakwambia tuliaibika, na hapo mazungumzo yanaishia.

Mechi ya Kenya, hata hivyo, ilikuwa na nini? Simon Msuva alifunga mapema. Olunga akasawazisha, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia Samatta akaturudisha mbele. Tuliongoza mara mbili, kwenye fainali za Afrika, dhidi ya jirani, halafu mechi ikageuka kipindi cha pili. Shabiki asiye na upande angeisimulia miaka kumi. Sisi hatukuiona. Tulikuwa tunatazama robo fainali ambayo haikuwepo, na mechi iliyokuwepo ikatupita pembeni.

Arusha nayo ina mzigo wake wa namna hii. Agosti 2000 Bill Clinton alikuja kushuhudia kutiwa saini kwa mkataba wa amani wa Burundi, akaufananisha mji huu na Geneva. Sifa ya mgeni, ya adabu tu. Tukaing'ang'ania, na mpaka leo mtu akikanyaga dimbwi sokoni Kilombero anasema kwa uchungu, "Eti Geneva ya Afrika." Kabla ya hapo lilikuwa dimbwi tu.

Haya ni ya kuchekesha. Loliondo haikuwa ya kuchekesha, na hapo ndipo ninaposita na nadharia yangu ya ulimi.

Mapema mwaka 2011 habari zilienea kwamba Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, Loliondo, anatoa dawa ya mti wa mugariga inayoponya kisukari, UKIMWI, saratani, pumu. Kikombe kimoja, shilingi 500, kwa mkono wake mwenyewe. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Kwa watu wa Akheri neno la mchungaji si jambo dogo. Ni hapa ambapo wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Oktoba 1896, na Ulutheri ukaja kuota mizizi kwenye udongo uleule. Mchungaji mzee asiyeomba utajiri, anayetoza mia tano: nani angemshuku?

Nilichokuja kukitafakari baadaye ni jinsi ambavyo Babu, kama tulivyomwita mchungaji huyo, hakuhitaji gari la matangazo. Alikaa kwenye kiti, akachota, akatoa. Waliomvumisha ni sisi: simu, magazeti, mawaziri waliopigwa picha na kikombe mdomoni, wenye mabasi na Noah waliopandisha nauli mpaka ile mia tano ikawa kama chenji. Mwishoni mwa Machi foleni ya magari iliripotiwa kufika kilomita 26, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba watu wasiende kwanza, apunguze waliokwisha kufika. Wapo waliofia kwenye foleni ile. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali. Kwa hao, kusema "walivunjika moyo" ni kusema kidogo mno. Huwezi kumwambia mjane kwamba tatizo lilikuwa ulimi wa mumewe.

Babu alifariki Julai 2021. Lawama nyingi zilibaki kwake, mgema tena. Uvumi ulipokuwa unapanda kila mtu aliushika mkono, aliyekuwa na namba ya dereva aliitoa kwa majivuno. Uliposhuka haukuwa na ndugu. Sijakutana na mtu anayesema: mimi nilivumisha.

Isipokuwa mmoja, na ni jirani yangu, bibi aliyepita miaka themanini. Alienda Samunge mwaka ule, na kabla ya kwenda aliwahamasisha kina mama wenzake wa kwaya wakajaza basi dogo. Hakatai. Baba yake, ananiambia, alikuwa mmoja wa waliochanga safari ya Kirilo. Wameru hatuhitaji jina la pili hapo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Watu wakachanga, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Azimio la kuwaunga mkono halikufikisha theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Kwa kipimo cha vijiweni tulifungwa. Lakini sijawahi kumsikia mzee wa Meru akiisimulia safari ile kama aibu.

Nimejiuliza kwa nini. Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba aliyechanga anajua alichokituma. Alimtuma mtu akaseme, naye alisema. Hakuna spika iliyowaahidi kwamba Kirilo angerudi na ardhi mfukoni. Nilimpelekea Bibi jibu hilo nikiwa nimejiridhisha nalo. Akalisikiliza huku akimenya ndizi za loshoro, akasema baba yake aliamini kabisa kwamba ardhi itarudi, tena mwaka uleule, na alimwambia kila mtu.

Basi nikakosa pa kushika. Nikamuuliza habari ya Loliondo moja kwa moja: kikombe kilimsaidia?

"Sukari ilibaki palepale."

"Kwa hiyo ulidanganywa, Bibi."

"Nilienda mwenyewe, mwanangu. Na dawa zangu sikuziacha. Mwingine kwenye lile basi aliacha. Huyo namfikiria."

Alinyamaza, akamenya ndizi mbili tatu. Huko barabarani gari la matangazo lilikuwa linapanda, sijui la nini safari hii. Mwezi huo kila kitu kilikuwa AFCON ya 2027 na uwanja wa Arusha wa watu 30,000. Akangoja lipite ndipo aendelee, kwa kuwa sauti yake siku hizi ni ndogo. Akasema walipovuka Engaruka kulipambazuka, na mbele yao ukasimama mlima mwembamba, mweupe kichwani, akadhani ni theluji kama ya Kilimanjaro. Dereva akacheka, akasema ni majivu, ndiyo Oldonyo Lengai, unatema moto. Halafu ziwa, na ukingoni mwa ziwa ndege wa rangi ya waridi, wengi mpaka maji hayaonekani. Basi zima likanyamaza, hata wagonjwa.

"Hilo," akasema, "hakuna aliyekuwa amenisimulia."