Kuuza na Kutoa Mashine za Michezo



Hapa kwetu Satellite, na kwa jirani zetu wa Kawangware, zimo majumbani mashine za michezo ya televisheni ambazo watoto wamekwisha kuzichoka. Kuziuza ni halali, na kuzitoa ni kheri. Lakini twawanasihi mtazame mwamwuzia nani. Huenda mnunuzi ni kijana atakaye kufungua kibanda, watoto wamlipe kwa kila mchezo; hiyo ndiyo rasilimali yake yote. Akiuziwa PlayStation 2 yenye lenzi iliyochoka, aende wapi? Mashine hiyo haitengenezwi tena tangu mwaka 2013.

Imamu Muslim amepokea kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikapata maji. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka juu kilicholowa, watu wakakiona. Basi nasi tuiwashe mashine mbele ya mnunuzi, tumwonyeshe padi iliyolegea na diski zilizokwaruzika, ndipo tutaje bei.

Wako wasemao: “Mimi sikuuza, nimetoa sadaka.” Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kumpa yatima mashine isiyowaka si sadaka. Ni kumtwika taka zetu. Itengenezwe kwanza, ndipo itolewe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.